Naambiwa nimenuna ilhali nimetulia tu: nifanyeje?

Ndita:
Ndugu zangu, habari za jioni. Huu ni mwezi wa tatu tangu nihamishiwe mapokezi ya ofisi yetu, na tayari mkuu wangu ameniita mara mbili kunieleza kwamba wageni wanalalamika kuwa nimenuna, ingawa sijamjibu yeyote vibaya. Nyusi zangu ziko chini na pembe za mdomo zimeinama tangu utotoni, hata marehemu bibi alizoea kuniuliza nani kaniudhi. Je, nilazimishe tabasamu kutwa nzima, au niombe kurudishwa masjala?

Mpwani:
Pole, dada. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za nyuso ngeni kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, na hukumu zao, hasa kuhusu uaminifu, zilikaribiana na za watu waliotazama bila kuharakishwa. Kwa hiyo kabla hujatamka karibu, umekwisha kuhukumiwa. Tumezoea mno kuisaka hasira usoni, kiasi kwamba umbile linalofanana nayo hata kidogo, kama nyusi hizo zako, husomwa kuwa ndiyo tabia ya mtu.

Mzee wa Bao:
Kukubaliana kwao hakuifanyi hukumu kuwa ya kweli. Mwaka 1831, FitzRoy, nahodha wa meli ya Beagle, nusura amkatalie mwanasayansi Charles Darwin kusafiri naye kwa sababu ya pua, akiamini kwamba mwenye pua ya namna ile hana uthabiti wa kuhimili safari. Safari ilichukua karibu miaka 5, na Darwin akaimaliza. Mkuu wako akutajie kosa ulilotenda, si sura uliyozaliwa nayo.

Karani Mstaafu:
Mzee anasema kweli, lakini kesho asubuhi wageni watakuja vilevile. Tabasamu la kulazimisha huishia mdomoni, liache. Msalimie mgeni angali mlangoni, ili sauti yako itangulie uso wako. Kisha tazama kompyuta yako imewekwa wapi, kwa maana ukiinamisha kichwa, nyusi huonekana zimeshuka na kukutana, hata kama hukukunja chochote.

Ndita:
Ahsanteni. Kompyuta yangu imewekwa chini kabisa, karibu na droo. Kesho nitaiinua juu ya majalada ya zamani, halafu nitawaletea mrejesho.