Nataka kuhamia Linux, nianze na ipi?

Wakuu habari, laptop yangu ina RAM GB 4 na Windows 10 ambayo sapoti iliisha Oktoba 14, 2025, prosesa ya zamani haikubali Windows 11, nataka Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows, wenye matoleo mengi) ila naogopa kupoteza faili za wateja wangu wa steshenari. Nianze na ipi?

— Mkuu weka Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, chukua ile ya Xfce (aina ya muonekano wa skrini), ni nyepesi. Ichome kwenye flash, washa mashine kupitia hiyo flash ujaribu waifai na printa bila kugusa diski, ndo uamue. Ila bakapu kwanza aisee! Mimi nilichagua kufuta diski yote, picha za harusi zikaenda, mpaka leo inaniuma.

— LibreOffice (programu ya bure ya ofisi, mbadala wa Microsoft Office) inafungua docx, yaani faili za Word, fonti tu ndo zinabadilika na jedwali linahama ukurasa. Za wateja tuma PDF.

— Asanteni, nanunua flash leo.