Spidi mita ya Honda XL125 inalia kama panya, tatizo ni mita yenyewe au waya?

Mtoto wa Bwana Shamba:
Wakuu habari za muda huu. Nina Honda XL125S ya mzee, zile walizokuwa wanatembelea mabwana shamba enzi hizo, mzee kastaafu nayo na sasa natembea nayo mimi huku Njombe. Injini iko poa, haitoi moshi, kiki mbili imewaka. Shida ni spidi mita. Asubuhi baridi ikiwa imekaza nikifika kama 30 tu unaanza mlio mwembamba wa kuchoma masikio, kama panya kabanwa na mlango, nikiongeza mwendo na wenyewe unapanda, nikipunguza unashuka. Jua likitoka unapungua ila haukati. Halafu mshale hautulii, unachezacheza kati ya 30 na 50, na kuna tik tik tik fulani hivi inaenda pamoja nao.

Fundi wa hapa stendi ananiambia nitupe hiyo niweke mita ya boda na waya wake yaishe. Mzee kakataa katakata. Mita inasoma kilomita 71 elfu na ushee, anasema hizo ni kilomita zake, nikiitoa nimemfutia kazi yake yote. Kwa hiyo nataka kuitengeneza sio kubadilisha, nianzie wapi?

Kiki Moja:
Hapo mbona rahisi mkuu. Chukua sirinji, vuta oili chafu au hata dizeli, fungua waya kule juu kwenye mita, piga humo ndani mpaka ijae. Mlio unakata siku hiyohiyo. Mimi yangu nilifanya hivyo.

Fundi Saa:
Mtoa mada usijaribu hiyo kitu.

Iko hivi, ndani ya mita mshale haujaungwa na waya popote. Waya unaozungushwa na tairi la mbele ndio unazungusha sumaku, na sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila kugusana nacho. Ile sumaku ikizunguka inazalisha umeme kidogo kwenye kikombe, kikombe kinataka kuifuata, kuna springi nyembamba kama ya saa inakivuta kirudi, wanapogombana hapo ndio mshale unakuonyesha 40 au 60. Sasa ukijaza oili humo, ile nafasi ya hewa kati ya sumaku na kikombe inakuwa na uji, kikombe kinakokotwa na oili badala ya sumaku. Mshale unaruka juu unasoma uongo, au unanata. Na kuisafisha springi ile bila kuiharibu si kazi ya kila mtu, mimi natengeneza saa na bado huwa najifikiria mara mbili.

@Kiki Moja hebu tuambie ukweli, mshale wako baada ya hapo ulikuwaje?

Kiki Moja:
Ulienda 120 ukakaa hukohuko 😂😂 ila mlio ulikata, nilisema uongo?

Babu wa Spoki:
Kijana nimezikarabati hizo XL tangu zikiwa mpya. Kosa la watu wengi ni kusikia mlio uko kwenye dashi wakadhani ugonjwa uko kwenye dashi. Waya wa spidi unabeba sauti. Gia kavu ya kwenye habu, yaani kitovu cha tairi la mbele, inaweza kulia huko chini na wewe ukaisikia usoni. Kwa hiyo usifungue mita kwanza, tenganisha.

Fungua ile nati ya waya nyuma ya mita, kwa mkono au plaizi ila usiibane sana maana ina meno laini. Ufunge waya kando usije ukaingia kwenye spoki, kisha zunguka na pikipiki kidogo asubuhi hiyohiyo ya baridi. Mlio ukipotea, mgonjwa ni mita. Ukibaki, toa na mwisho wa chini, pale kwenye habu kuna skrubu moja tu inashika, halafu zunguka tena. Ukipotea hapo ni waya, na kama bado unalia basi ni gia ya habu au ni kitu kingine kabisa, beringi au breki.

Mimi bila kuiona nahisi una magonjwa mawili. Mlio mwembamba wa asubuhi ni bushi ya shingo ya mita, pale shafti ya sumaku inapopita, grisi imekauka na baridi inaikaza zaidi. Ila mshale kucheza na ile tik tik, huo ni waya. Waya mkavu au uliokunjwa hauzunguki sawasawa, unajinyonga kidogo halafu unajiachia kwa mpigo, na mshale nao unaruka na kurudi.

Mtoto wa Bwana Shamba:
Shikamoo mzee wangu. Ngoja kesho asubuhi nifanye hivyo nilete mrejesho. Waya nikiutoa niupake nini? Nina grisi ya kawaida ya beringi tu.

Babu wa Spoki:
Marahaba. Grisi hiyo inafaa ila kidogo sana. Vuta waya wa ndani utokee upande wa chini, kama unakataa kutoka usiuvunje, ning'iniza ala yake na udondoshe oili nyepesi ishuke yenyewe. Ukitoka, ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kitambaa kisichafuke, kisha ulaze mezani uviringishe kwa vidole. Ukiviringika bila kuruka ni mzima. Ukiwa na kona au nyuzi zimekatika, nunua mwingine, waya hauna kilomita za mzee wako.

Kupaka: paka theluthi mbili za kuanzia chini, filamu nyembamba tu. Huko juu karibu na mita acha kama shubiri moja bila grisi kabisa. Waya umesukwa kama skrubu, ukizunguka unapandisha grisi wenyewe, ukijaza grisi inaishia ndani ya mita na utakuwa umefika alikofika Kiki Moja kwa njia ndefu.

Na kule kwenye habu ukifungua, gia iko kwenye sahani moja na breki shu. Safisha grisi ya zamani, weka mpya kidogo kwenye meno, basi. Ukizidisha inapata joto inatiririkia kwenye shu na siku utakayoshika breki ukishuka mlima huko kwenu hutalipenda jibu.

Dereva wa Makete:
Nichomekee moja, angalieni na njia ya waya jamani. Yangu ilisumbua mwaka mzima kumbe fundi alipobadilisha balbu ya taa kubwa aliufunga waya pamoja na nyaya za umeme kwa rababendi, ukapata kona kali pale shingoni. Nilipouachia upinde wake mpana mshale ukatulia hata grisi sijaweka.

Mtoto wa Bwana Shamba:
Mrejesho wakuu.

Nimetoa waya juu, mlio mwembamba umekata hapohapo, kwa hiyo mita kweli. Lakini tik tik ikabaki, nikatoa na chini, nayo ikakata. Babu alipiga ramli mbili na zote zimekubali. Waya una kona mbaya na nilipouviringisha mezani ulikuwa unaruka kama samaki, nimeagiza mwingine. Grisi ya ndani ilikuwa nyeusi ngumu kama lami. Ila hii shingo ya mita nawekaje oili bila kuijaza?

Fundi Saa:
Toa mita, igeuze kichwa chini ili shingo iangalie juu na kioo kiangalie meza. Tone MOJA la oili ya cherehani kwa ncha ya sindano, liweke ukingoni kati ya shafti na bushi, sio katikati kwenye kile kitundu cha pembe nne. Zungusha kwa vidole na kijiti kilichochongwa, acha ilale hivyo usiku kucha iingie polepole. Asubuhi futa kilichobaki kabla hujaigeuza. Usitumie zile sprei za kulegeza kutu, zinaosha hata grisi iliyobaki halafu zenyewe zinakauka, wiki ijayo panya anarudi na watoto.

Kabla ya kuirudisha unaweza kuijaribu kwa drili. Zungusha tairi la mbele uone waya unakwenda upande gani, drili nayo iende upande huohuo, polepole. Kwa mita ya mizunguko 1400 kwa kilomita, drili ikienda mizunguko 700 kwa dakika mshale unatakiwa kusimama 30. Ila usiizungushe muda mrefu, utamwongezea mzee kilomita za bure.

Mtoto wa Bwana Shamba:
Mrejesho wa mwisho. Tone la kwanza mlio ulipungua ila siku ya pili baridi ilipokaza ukarudi kwa mbali, nikarudia tone jingine na kulaza tena usiku. Sasa siku ya tano kimya, na waya mpya mshale unapanda kama umeshikwa na mkono. Nilipomwonyesha mzee hakuuliza mlio, aliinama akafuta kioo kwa mkono wa koti akasoma namba kwanza, akahesabu na za kwangu, ndio akasema haya twende sokoni.

Dereva wa Makete:
Safi sana. Sasa mimi nina pikipiki ya Yamaha DT, mshale umekufa haunyanyuki kabisa lakini kilomita zinahesabu. Ni waya?

Babu wa Spoki:
Hapana. Kilomita zikihesabu ujue waya na gia ni vizima. Hapo mshale umenata au kikombe kimeachana nao, mpelekee Fundi Saa. Na useme ukweli kama ulitumia sirinji.