Kwa nini siasa kali za mrengo wa kulia zinapanda kila kona kwa wakati mmoja?

Mchokonozi:
Wakuu, heshima zenu. Naomba kueleweshwa. Tangu 2016 nikifungua habari ni yaleyale: Waingereza wanajitoa Umoja wa Ulaya, Trump anashinda, Bolsonaro anaingia, kisha Meloni Italia, Milei Argentina, Wilders anaongoza kwa kura Uholanzi, halafu Trump tena. Maneno yao yanafanana mno. Kuna "wananchi wa kweli" na kuna vigogo wasaliti, mahakama zinahujumu, waandishi ni maadui, wageni wamezidi. Wenzangu wananiambia ni ugumu wa maisha, basi. Mimi hainiingii, maana maisha magumu yamekuwepo siku zote na zamani watu wakikasirika walikimbilia kushoto. Kuna anayewaratibu hawa? Au ni upepo tu? Msinitupie video ya saa mbili, nataka maelezo ya mtu.

Dawati la Usiku:
Mkuu, mimi mkate wangu ni kuandika habari za kimataifa zamu ya usiku, kwa hiyo matokeo ya nyingi ya chaguzi hizo nimeyapokea yakiingia jimbo kwa jimbo huku wenzangu wamelala. Nitakwambia ninavyoona.

Ugumu wa maisha tuumalize kwanza. Mwaka 2009 Poland ndiyo pekee katika Umoja wa Ulaya ambayo uchumi wake haukusinyaa, na bado 2015 ikakichagua chama cha Sheria na Haki, cha mrengo huohuo wa kulia. Hispania ilikuwa hoi: 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira. Vox, chama chao cha mrengo mkali wa kulia, walikuja kutamba Desemba 2018 kwenye uchaguzi wa jimbo la Andalusia, hali ya uchumi ilipokuwa imeshaanza kutulia, na moto walioupata ulikuwa wa jimbo la Catalonia kutaka kujitenga na Hispania. Sisemi njaa haina mchango. Milei alichaguliwa mwaka ambao mfumuko wa bei Argentina ulipita asilimia 200, atakayesema haukuhusika anatania. Ila njaa peke yake haikupi ramani.

Uratibu upo, mdogo. Wahafidhina wa Marekani walipeleka mkutano wao wa CPAC Budapest 2022, na wanaazimana maneno na washauri. Lakini tazama Bunge la Ulaya lililochaguliwa 2024: wamekaa makundi matatu tofauti. Meloni yuko na Ukraine, Orbán wa Hungary hakutaka kusikia. Watu wa "taifa langu kwanza" wakikutana, taifa la nani litakuwa la kwanza?

Sasa hoja yangu. Wapiga kura wa aina hii si wapya. Ufaransa, 1956, muuza karatasi na vitabu aitwaye Pierre Poujade aliingiza wabunge zaidi ya 50 kwa kelele za kodi na wanasiasa wezi. Mmoja wao alikuwa kijana Jean-Marie Le Pen. Mwaka 2002 huyo huyo alifika duru ya pili ya urais. Wa kushoto wakameza uchungu wakampigia mhafidhina Chirac, ikawa asilimia 82. Watu wa Le Pen walikuwepo, ila mlango ulikuwa umefungwa. Na mlango huu, ndugu yangu, hufunguliwa kutoka ndani, na wahafidhina wa kawaida wanaodhani watamtumia mgeni kisha wamtoe. Berlusconi aliufungua Italia 1994 kwa kuwachukua warithi wa ufashisti serikalini. Austria ikafuata 2000: mhafidhina Schüssel akaunda serikali ya mseto na chama cha Haider, cha mrengo mkali wa kulia, nchi nyingine 14 za Umoja wa Ulaya zikanuna na kupunguza uhusiano, miezi michache baadaye zikaacha. Viongozi wa Ulaya wakaona kuwa gharama ya kufungua mlango ni ndogo.

Nitakupa usiku mmoja. Tarehe 29 Januari 2025, Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani. Friedrich Merz, kiongozi wa wahafidhina, analeta azimio la kubana wahamiaji, anajua kabisa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, watalipigia kura. Linapita 348 kwa 344. Upande wa AfD ni vifijo na kukumbatiana. Merz mwenyewe anasimama kusema hakutafuta kura zao. Merkel, kansela wa zamani wa chama hichohicho cha Merz, ambaye huwa hazungumzi sana, akamkosoa hadharani. Wiki chache baadaye AfD wakapata asilimia 20.8, karibu mara mbili ya walichokipata 2021.

Na kinyume chake kipo. Brazil 2022, Lula alimchukua Alckmin, mpinzani wake wa duru ya pili ya 2006, akamfanya mgombea mwenza. Wakashinda kwa asilimia 50.9, yaani kwa kucha. Ufaransa 2024, zaidi ya wagombea 200 walijitoa kati ya duru mbili ili kura za kumpinga mgombea wa Le Pen binti zisigawanyike. Chama chake kiliongoza kwa kura, kikamaliza cha tatu kwa viti.

Binti Hoja:
Kaka Dawati, umeandika vizuri lakini wapiga kura umewafanya mifugo, wanasubiri mlango wa zizi. Mwaka 2015 zaidi ya watu milioni moja waliomba hifadhi Ulaya. AfD ilianzishwa 2013 na wachumi wasioitaka sarafu ya euro, ikakosa hata asilimia 5 za kuingia bungeni. Iliyoiokoa ni mada ya wahamiaji, si Merz. Na angalia Denmark: Mette Frederiksen, msoshalisti, alikaza msimamo kuhusu wahamiaji, na Chama cha Watu wa Denmark kikaanguka kutoka asilimia 21 mwaka 2015 hadi chini ya 9 mwaka 2019. Ukisikiliza watu, wanarudi.

Dawati la Usiku:
Dada, Denmark nakubali ni mfupa mgumu kwa hoja yangu. Lakini Frederiksen alisema pia anataka serikali ya chama chake peke yake, na aliwaahidi wafanyakazi waliochoka pensheni ya mapema. Uholanzi walichukua nusu ya dawa hiyo. Waziri mkuu wa wakati huo, mhafidhina Rutte, aliivunja serikali yake Julai 2023 kwa suala la hifadhi, kampeni yote ikawa wahamiaji, na mrithi wake chamani akasema hamfungii Wilders nje. Wilders akatoka na viti 37 kati ya 150, wa kwanza. Ukiuza bidhaa ya mwenzio, wateja watamfuata mwenye duka.

Mchokonozi:
Nimepata mwanga. Swali la nyongeza: wakishaingia, wanatoka?

Kibatari:
Mkuu, inategemea kama walipata theluthi mbili ya viti bungeni, inayotosha kubadili Katiba. Orbán 2010 alipata asilimia 53 hivi za kura lakini viti vikavuka theluthi mbili. Akaandika Katiba mpya, ikaanza Januari 2012. Wabunge wakapunguzwa kutoka 386 hadi 199, majimbo yakachorwa upya. Mwaka 2014 kura zake zikashuka hadi 45 hivi, theluthi mbili akabaki nayo, viti 133! Wenzake wa Poland, wale wa Sheria na Haki, hawakuwahi kufikia idadi hiyo, wakabanana na sheria za kawaida na majaji wa kupachika. Mwaka 2023 waliongoza kwa asilimia 35, wakakosa wa kuungana nao, wakatoka. Marekani kubadili Katiba kunataka robo tatu ya majimbo yaridhie, ndiyo maana kule ugomvi wote umehamia kwenye amri za rais na mahakamani.