Mrejesho: ile filamu ya perovskaiti iliyokuwa inageuka njano

Wakuu nimerudi, mimi ndo niliuliza kwa nini filamu yangu ya MAPbI3 (aina ya perovskaiti, yaani utando mwembamba wa fuwele unaopakwa kwenye kioo ili unase mwanga) ya seli ya sola inatoka na mabaka halafu inageuka njano. Asanteni sana aisee. Nilifuata ule ushauri wa kudondoshea klorobenzini (kimiminika cha kuyeyushia) wakati kioo chenye filamu bado kinazunguka kwenye mashine ya kupakia, kisha nikakipasha nyuzi 100 kwa dakika 10, ikatoka nyeusi tii na inang'aa mpaka unajiona uso, mabaka kwisha kabisa. Ila njano bado, nikiitoa kwenye boksi la naitrojeni (lililofungwa, halina hewa ya kawaida) unyevu wa Dar unaila kuanzia kingoni mpaka inabaki iodaidi ya risasi tupu (ile kemikali ya njano yenye madini ya risasi). Ule ushauri wa kuongeza sesiamu (metali ya kuifanya filamu iwe imara zaidi) sijajaribu, kemikali haijafika. Na mkuu uliyekazania glavu kwa sababu risasi ni sumu, navaa.