Mjadala: Je, klabu za AFL ziruhusiwe kumhamisha mchezaji bila ridhaa yake?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Melbourne, na kila ikifika Oktoba, dirisha la kubadilishana wachezaji likifunguliwa, ugomvi huwa ni ule ule. Kwa wasioifuata: AFL ni ligi ya ule mpira wa Australia wenye umbo la yai, kumi na wanane kila upande. Hakuna klabu kununua mchezaji kwa fedha. Wanabadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi ya kuchagua vijana kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Na kwa kanuni ilivyo, mwenye mkataba hahami mpaka akubali mwenyewe.

Sasa wapo wanaotaka kipengele hicho kiondolewe. Klabu iamue, mchezaji afunge begi. Napinga, na shahidi wangu ni Martin Pike.

Pike ni mtu wa Australia Kusini. Drafti ikampeleka klabu ya Melbourne, wala hakuulizwa anapenda wapi, maana ndivyo drafti inavyofanya kazi tangu 1986. Alianza kucheza 1993, na baada ya misimu miwili wakamtema. Akaangukia Fitzroy, klabu kongwe iliyokuwa imeishiwa hela. Mwaka 1996 akawa mchezaji bora wa klabu, wa mwisho kuipata tuzo hiyo Fitzroy ikiwa AFL, kwa sababu msimu ulipoisha klabu ikaunganishwa na Brisbane Bears.

Hapa ndipo huwa nacheka peke yangu. Brisbane waliruhusiwa kuchukua wachezaji wanane wa Fitzroy. Mchezaji bora wa klabu hakuwamo! Akaenda North Melbourne, akabeba ubingwa 1999, na mwisho wa 2000 nao wakaachana naye. Nani akamwokota? Brisbane, wale wale waliompita miaka minne nyuma. Wakachukua ubingwa 2001, 2002 na 2003, yeye akiwa uwanjani fainali zote tatu. Klabu nne, mechi 247, ubingwa mara nne.

Klabu zilimtema zilipotaka na hakuna aliyeziita msaliti. Bado tuziongezee rungu?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, Pike umemsimulia vizuri lakini umemleta kwenye kesi isiyo yake. Yeye aliachwa. Kipengele tunachojadili ni cha mwenye mkataba unaoendelea.

Nenda Gold Coast. Klabu imeingia ligi 2011, inalea vijana, inawapa unahodha. Tom Lynch na Steven May walianza msimu wa 2018 wakiwa manahodha wenza. Oktoba ya mwaka huo huo wote wawili wakaondoka! Lynch akatwaa ubingwa na Richmond 2019 na 2020, May na Melbourne 2021. Shabiki wa Gold Coast alibaki na jezi zenye majina yao kabatini.

Tena siku hizi mtu ana mkataba, anaingia ofisini, anasema nataka klabu fulani, hiyo tu. Klabu itajadiliana vipi wakati mnunuzi ni mmoja? Tangu 2012 waliokaa muda mrefu wanaweza kuondoka kama wachezaji huru, yaani mkataba ukiisha wanajichagulia klabu bila kubadilishanwa. Mchezaji ana mlango wa mbele na wa nyuma, klabu haina hata dirisha.

Mchangiaji wa pili

Ridhaa ipi mnayoigombania? Muulizeni Brodie Grundy. Collingwood walimpa mkataba wa miaka saba. Mwisho wa 2022, mkataba bado mbichi kabisa, mahesabu ya kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho ligi inairuhusu klabu kulipa wachezaji wake wote, yakawabana, akapelekwa Melbourne. Msimu mmoja tu, akaenda Sydney. Collingwood wakachukua ubingwa 2023 bila yeye. Kwenye karatasi alikubali kila mara. Lakini bosi akishakuambia huna nafasi, utakataa ukae benchi umtazame?

Mchangiaji wa tatu

Naongeza kidogo tu. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, 1994. Sydney walimchukua 2013, nafasi ikawa ya kubahatisha, mwisho wa 2020 wakambadilisha na Port Adelaide kwa nafasi ya drafti. Msimu wake wa kwanza huko akaingia kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima. Kuhama si adhabu siku zote, jamani. Sisi tuliopita kambini tunajua kuhama kuko kwa namna nyingi.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, nimekuelewa, na sijasema kuhama ni kubaya. Nasema nani ashike kalamu.

Mchangiaji wa kwanza, la Gold Coast limenigusa, sitakudanganya. Ila angalia: Lynch alipoondoka kama mchezaji huru, ligi iliwafidia Gold Coast kwa nafasi ya juu ya drafti. Klabu ikiumia kuna mfuko wa pole. Kijana wa miaka 18 anayetolewa Perth kupelekwa upande wa pili wa bara, akapanga nyumba, mwenzake akapata kazi, kisha akaambiwa hamia Brisbane wiki ijayo, pole yake iko wapi? Na huyo wa Mchangiaji wa pili ndiye anayenipa nguvu: kama ridhaa ikiwepo watu wanasukumwa hivi, ikiondolewa itakuwaje?

Mchangiaji wa kwanza

Basi tufanye hivi: vijana waachwe. Sheria iwaguse wale wa mikataba mirefu na mishahara minono tu, maana hao ndio wanaoomba kuhama mkataba ukiwa katikati.

Mleta mada

Weka na kwamba klabu inayomtoa mtu kwa nguvu italipa mkataba wake wote hadi senti ya mwisho, hata akicheza kwingine. Andika hivyo, nami nitakaa mezani.