Kelele za feni za GPU ukicheza masaa mengi: kupunguza volti, kufunga fremu, kubadili pesti au feni kubwa, kipi kianze?

mlinzi_wa_fremu

Wakuu habari za muda huu. Kadi yangu ya picha (GPU) ina feni tatu, ipo mwaka wa tatu sasa, ikibanwa vizuri inakula wati 320. Nusu saa ya mwanzo haina neno kabisa, tatizo linaanza kama dakika ya 40 hivi kasha zima la kompyuta likishapata moto, feni zinapanda mpaka mizunguko 2200 kwa dakika na hapo hata nikivaa hedifoni ule mvumo bado nausikia nyuma ya sauti ya gemu. Chip ya GPU inakaa nyuzi 79, hotispoti (pale penye moto kuliko pote kwenye chip) 93. Najua hapo haiungui, ila nikicheza masaa matatu mfululizo natoka kichwa kinagonga.

Nimesoma huku na huku nikabaki na njia nne: kupunguza volti, kufunga fremu (kuweka kikomo cha fremu kwa sekunde), kufungua kadi nibadili pesti (ile ya kupitisha joto kati ya chip na mtambo wa kupozea), au kutoa feni zake nifunge feni kubwa za kasha. Aliyepitia zaidi ya moja naomba anilinganishie kwa namba zake mwenyewe, sio za kusikia.

volti_875

Mkuu anza na volti, hayo mengine yatakuja yenyewe. Feni hazina kosa hapo, zinatoa joto ulilolitengeneza wewe, na joto ndo hizo wati. Umeme chip inaotumia unapanda kwa volti mara volti, kwahiyo ukishusha volti kidogo tu wati zinashuka sana, na kadi nyingi zinatoka kiwandani na volti ya kuzidi ili hata chip dhaifu kuliko zote kwenye mzigo isimame.

Mimi kadi yangu nayo ni ya wati 320. Ilikuwa inakimbia 1920 MHz kwa kama volti 1.03, nikaiweka 1830 kwa 0.875. Ikashuka mpaka wati 245 hivi, joto kutoka 77 mpaka 67, feni kutoka 2050 mpaka 1400, na kwenye gemu ninayopimia nilikuwa napata fremu 97 nikabaki na 94. Fremu tatu mkuu, jicho halizioni, ila sikio linasikia tofauti siku ya kwanza.

Namna ya kufanya, fungua programu ya MSI Afterburner, bonyeza Ctrl na F ule mchoro wa volti utokee. Kwanza shusha mstari mzima chini kwa kutoa kama MHz 250 kwenye kloki (kasi ya chip), halafu tafuta kitone cha milivolti 875 (yaani volti 0.875) ukipandishe mpaka 1830, bonyeza alama ya vema, vitone vyote vya kulia vitalala sawa na hicho. Usiamini kipimo cha dakika kumi!! Cheza gemu yenye ray tracing (ile ya kukokotoa miale ya mwanga) masaa mawili, hiyo ndo inayofichua, draiva ikidondoka au gemu ikijifunga yenyewe basi panda hatua mbili za volti urudie. Za kwangu zilidondoka 0.850, ndo maana nipo 0.875.

kimya_kwanza

Nakubaliana na hapo juu ila mimi ningeanza na kufunga fremu kwasababu inachukua dakika moja na haina cha kudondoka. Unaingia kwenye setingi za draiva unaweka mwisho wa fremu, basi. Kama skrini yako ni ya Hz 144 na ina G-Sync au FreeSync (skrini kufuata mwendo wa kadi) weka 141, kama gemu ni ya hadithi sio ya mashindano weka hata 90. Kadi ikimaliza fremu yake inapumzika mpaka zamu ya inayofuata, ndo joto linaposhuka.

Halafu angalieni menyu za gemu jamani. Kuna gemu ukiwa kwenye menyu umeacha tu unaongea na simu, kadi inachora fremu mia sita mia saba kwa sekunde za picha ambayo haitembei, feni zinalia, na juu yake unasikia kile kisauti chembamba cha koili kama mbu sikioni. Kile sio feni, ni koili za umeme zinatetemeka, na fremu zikiwa nyingi kinapanda zaidi. Pesti haikigusi wala feni kubwa haikigusi. Ukifunga fremu kinapungua sana, mara nyingine kinapotea kabisa.

Udhaifu wake ni kwamba kwenye gemu nzito ambayo hufiki hata fremu 90 kufunga hakukusaidii kitu, kadi ipo asilimia 99 muda wote. Hapo ndo volti inashinda.

mlinzi_wa_fremu

Asante sana wote wawili, leo usiku najaribu. Na pesti je? Hiyo hotispoti 93 sio dalili?

fundi_wa_pedi

Hapana mkuu usifungue. Usiangalie hotispoti peke yake, angalia umbali wake na joto la GPU. 93 kutoa 79 ni 14, hiyo ni kawaida kabisa, pesti yako bado nzima. Ukiona pengo linavuka 25 na linaongezeka mwezi hadi mwezi ndo uwaze kufungua.

Nakwambia kwa sababu mimi langu lilifika 31. Nilipoifungua katikati ya chip palikuwa panang'aa kama kioo, pesti yote imesukumwa pembeni imefanya ukingo mgumu wa kijivu, na pedi za memori (vipande laini vya kupitisha joto) zimetoa mafuta yamesambaa mpaka kwenye bodi. Ndo inavyokuwa, kila ukicheza chip inatanuka, ukizima inasinyaa, ile pesti laini inasukumwa nje kidogo kidogo kila siku. Kwenye chip tupu kama ya GPU inatokea haraka kuliko kwenye prosesa yenye bati juu. Nilisafisha nikaweka karatasi ya PTM7950, ile inayoyeyuka kidogo ikipata moto na kuganda ikipoa, haikimbii kama pesti. Pengo lipo 12 mpaka leo, mwaka na nusu.

Lakini mara ya kwanza nilikosea. Niliweka pedi za milimita 2 sehemu ya milimita 1.5, zikainua ule mtambo wa kupozea, chip ikawa haigusi vizuri, nikawasha joto likapaa nyuzi 100 hata gemu sijafungua. Nusu milimita tu hiyo. Kwahiyo asiyejua unene wa pedi za kadi yake asiguse skrubu hata moja, na waranti nayo aifikirie kwanza.

hewa_safi

Kabla ya yote mbona hakuna aliyesema kasha? Mleta uzi amesema dakika ya 40 ndo inaanza, hiyo inanukia hewa kukosa njia. Fanya hivi, kadi ikishapata moto kabisa toa ubao wa pembeni huku gemu inaendelea, subiri dakika kumi. Joto likishuka nyuzi 6, 7 au zaidi basi tatizo ni kasha sio kadi, kadi inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Likishuka nyuzi moja au mbili kasha halina kosa. Na vichujio vya mbele vitoe uviangalie kwenye mwanga, vumbi likikaa pale linaonekana kama kitambaa.

Kuhusu kufunga feni kubwa, nimefanya, feni mbili za milimita 120 chini ya kadi nikatoa zile tatu ndogo na kava lake la plastiki. Inafanya kazi kwasababu feni kubwa inapitisha hewa ile ile kwa mizunguko michache, na feni ile ile ukiipunguza mizunguko nusu hewa inapungua nusu ila sauti inashuka kama desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio linaona kama sauti imepungua nusu. Yangu sasa ni 1100 muda wote. Ila inakula nafasi, inataka waya wa kubadili plagi, ukitaka kuiuza kadi itabidi urudishe kila kitu. Iwe ya mwisho.

mlinzi_wa_fremu

Wakuu nimerudi, siku nne nimepima, gemu moja, sehemu ile ile, kila mara saa moja na nusu.

Kuondoa ubao: joto limeshuka 3 tu, kwahiyo kasha sio mbaya sana. Vichujio vilikuwa na vumbi kweli, nimevisafisha.
Kufunga fremu 90 peke yake: gemu ilikuwa inanipa 92 mpaka 105 kwahiyo nafuu ni ndogo, feni 2200 mpaka 1950. Kwenye gemu nyepesi lakini zimekaa 1200, na ile sauti ya mbu imeisha.
Volti: 0.875 ilidondoka saa ya kwanza, 0.8875 na 1815 haijadondoka mpaka sasa. Wati 255, joto 69, feni 1500.
Vyote viwili pamoja: 1450 na hazipandi wala kushuka. Jana nimecheza masaa matatu na nusu bila hedifoni, nasikia mpaka hatua za adui.

fundi_wa_pedi

Safi sana. Swali moja, memori ya kadi yako ni ya aina ya GDDR6X? Kama ndio angalia joto lake kwenye programu ya HWiNFO. Ulipopunguza volti umepoza chip, memori inakula umeme ule ule, na feni zinafuata joto la chip. Sasa feni zimepoa mwendo, memori inapata hewa kidogo kuliko mwanzo. Memori zile zinajipunguza kasi zikifika nyuzi 110.

mlinzi_wa_fremu

Aisee nimeangalia sasa hivi, ni GDDR6X. Zamani zilikuwa 94, sasa zimefika 102, sikuwa nimewaza kabisa.

volti_875

Hapo hata mimi umenifungua macho, sikuwahi kuangalia za kwangu. Chora mstari wa feni mwenyewe, usiache ule wa otomatiki. Kuanzia nyuzi 60 weka feni zisishuke chini ya 1600, na ile hysteresis (joto lishuke kiasi gani ndo feni zipunguze mwendo) iweke nyuzi 4 au 5 ili zisicheze juu chini juu chini. Sauti iliyotulia hata ikiwa juu kidogo sikio linaizoea, inayopanda na kushuka ndo inayoumiza kichwa.

mlinzi_wa_fremu

Nimeweka 1650 kuanzia 60. Memori 97 baada ya saa na nusu, chip 66. Mvumo upo kwa mbali na haubadiliki, nikifungua sauti ya gemu siusikii tena. Kadi siifungui.