Gapi wanazaa, vitoto vinaliwa

Wakuu, niko Moshi, tangi la samaki wa mapambo lita 60: gapi (guppy, samaki wadogo wanaozaa vitoto hai) dume 4, jike 3, na tetra, samaki wengine wadogo. Wakizaa usiku, asubuhi sioni kitoto. Nifanyeje?

– Madume wamezidi, mkuu. Dume 1 kwa jike 2 au 3, la sivyo majike wanafukuzwa hadi wanachoka. Weka mimea inayoelea, ifunike theluthi ya maji. Vitoto hujificha juu, katikati ya mizizi. Mdomo wa filta (kichujio cha maji) uvishe sponji, la sivyo filta huvinyonya vitoto.

– Tumbo la jike likiwa kama boksi na doa jeusi la nyuma ya tumbo limetanuka, siku za kuzaa zimefika. Usimhamishe dakika za mwisho, anaweza kuharibu mimba.

– Julai hii hita iwe nyuzi 25. Maji yakipoa, mimba hupitiliza siku 30.